Kasula Nyekundu ya Padre Kolbe

Mkatoliki aliyezoea kuwahi Misa ya alfajiri huijua sikukuu kabla hajatajiwa: hutazama rangi ya kasula padre anapotoka sakristia. Kijani, siku ya kawaida. Zambarau, toba. Nyeupe, huenda ni mtakatifu aliyefia kitandani kwake. Nyekundu, damu. Jumapili ya tarehe 10 Oktoba 1982, katika uwanja wa Mtakatifu Petro mjini Roma, Papa Yohane Paulo II alitoka kumtangaza mtakatifu mtawa mmoja wa Poland, naye alikuwa amevaa nyekundu. Wataalamu waliobishana kwa miaka juu ya mtawa huyo wakajua, kabla Papa hajafungua kinywa, kwamba ubishi umekwisha.

Ubishi wenyewe ulihusu neno moja. Sisi Waswahili tuna maneno mawili kwa jambo hilo, na hayalingani uzito. Tangu zamani tunasali kwa jina la Mashahidi wa Uganda. Vitabu vya Kanisa vya siku hizi vinapenda zaidi kusema wafiadini. Neno mfiadini limebeba sharti lake mgongoni: ni mtu aliyeifia dini. Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 wanalijaza neno hilo sawasawa, maana walitakiwa waiache imani, wakakataa. Lakini mtawa huyu wa Poland, Padre Maximilian Kolbe, hakuwekewa chaguo la namna hiyo. Hakuna aliyemwambia amkane Kristo ili aishi. Siku ile aliyepangiwa kufa alikuwa mtu mwingine, na yeye akatoka mwenyewe kwenye mstari. Je, huyo kafia dini?

Papa Paulo VI alipomtangaza mwenye heri mwaka 1971 alimweka katika kundi la waungama dini, watu wa kasula nyeupe, ingawa mwenyewe alikuwa radhi kumwita shahidi wa upendo. Miaka 11 ikapita, rangi ikabadilika.

Habari zake zinaanzia kwenye kitanda cha mfumi. Baba yake, Juliusz Kolbe, alikuwa mfumaji. Mama yake, Maria, alikuwa mkunga aliyetamani utawa tangu usichana asiupate. Walikaa Zduńska Wola, mji wa wafumaji, katika nchi ambayo wakati huo haikuwepo kwenye ramani: Poland ilikuwa imegawanywa vipande vitatu na wakubwa waliokuwa jirani zake, na kipande chao kilikuwa mikononi mwa Urusi. Mtoto wao wa pili alizaliwa tarehe 8 Januari 1894, wakamwita Rajmund. Baadaye familia ilihamia Pabianice, wakaendesha duka dogo.

Pesa ilitosha kumsomesha mtoto mmoja tu, naye alikuwa Franciszek, kifungua mimba. Rajmund alipangiwa kubaki dukani. Kilichomwokoa ni uwatu. Ndiyo, uwatu huuhuu ambao kwetu pwani mama mzazi huwekewa kwenye uji ili maziwa yatoke. Mama mkunga alimtuma mwanawe akaununue kwa mwuza dawa, na mtoto, badala ya kuutaja kwa lugha ya mtaani, akautaja kwa Kilatini. Mwuza dawa, jina lake Kotowski, akashangaa. Akamwuliza amejifunzia wapi. Alipojua kwamba mtoto mwenye kichwa kile hapelekwi shule kwa sababu ya ufukara, akajitolea kumfundisha mwenyewe, jioni kwa jioni, mpaka akamfikia kaka yake darasani.

Mama huyohuyo ndiye aliyetuachia kisa kingine, kinachojulikana zaidi. Rajmund alikuwa mtundu. Siku moja mama akamkemea kwa uchungu kwamba hajui atakuja kuwa mtu gani. Tangu siku hiyo mtoto akapoa, akawa anajificha kusali, macho yamemwiva kwa machozi. Mama akambana aseme. Akasema kwamba alikuwa amemwuliza Bikira Maria swali lilelile: nitakuja kuwa mtu gani? Naye akamtokea, ameshika mataji mawili, moja jeupe na moja jekundu. Jeupe maana yake kubaki na moyo safi, jekundu maana yake kufa shahidi. Akaulizwa anataka lipi. Akasema yote mawili.

Msomaji anaweza kuamini au kuacha. Mimi ninachokitazama ni kwamba mama huyo aliifunika siri hiyo miaka zaidi ya 30, akaiandika kwenye barua mwaka 1941 tu, mwanawe akiwa ameshakufa na mwili wake umeshakuwa majivu.

Mwaka 1907 Franciszek na Rajmund walivuka mpaka wa Urusi na Austria kwa njia za panya, wakaingia seminari ya Wafransisko katika mji wa Lwów. Rajmund akawa bingwa wa hesabu, na kichwani mwake akaanza kuchora vita. Alitaka kwenda kupigana Poland ipate uhuru wake. Siku aliyokuwa njiani kumwambia mkuu wa shirika kwamba anaondoka, yeye na kaka yake, kengele ya mlangoni ikalia: mama yao amekuja. Alileta habari kwamba mdogo wao Józef naye anaingia utawani, na kwamba yeye na baba wameamua kumtumikia Mungu kila mtu kwa njia yake. Basi hayo maneno ya kuaga yakafia kooni. Tarehe 4 Septemba 1910 Rajmund alivaa kanzu ya kitawa, akapewa jina la Maximilian.

Fransisko wa Asizi aliwaita wafuasi wake Ndugu Wadogo, na alimaanisha wadogo kweli: watu wa chini, wasio na chao. Tawi alimoingia Kolbe, la Wakonventuali, lipo kwetu pia. Ndugu wa tawi hilo ndio leo wanaotunza kituo cha hija cha Munyonyo, Kampala, mahali Kabaka Mwanga alipowahukumu vijana wake mwaka 1886. Lakini udogo wa Kolbe ulikuwa wa namna yake. Huko Roma, alikopelekwa mwaka 1912, alipata udaktari wa falsafa na baadaye wa teolojia. Mwaka 1915 alichora chombo cha kumtoa binadamu nje ya dunia, akiwa na hesabu zake kamili, wakati ndege zenyewe zilikuwa bado za turubai na mbao. Mwaka 1917 alianza kutema damu: kifua kikuu. Mwaka huohuo aliona Wamasoni wakiandamana Roma kulikejeli Kanisa, na tarehe 16 Oktoba, yeye na wanafunzi wenzake sita, wakaunda kikundi wakakiita Jeshi la Mkingiwa, yaani la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Jeshi la watu saba, na kamanda wake ana kifua kikuu. Alipewa upadre tarehe 28 Aprili 1918, akarudi nyumbani mwaka 1919. Poland ilikuwa imepata uhuru; yeye, kwa macho ya madaktari, alikuwa amebakiza muda mfupi.

Alichofanya mgonjwa huyo ni kuanzisha gazeti. Januari 1922, mjini Kraków, lilitoka toleo la kwanza la Rycerz Niepokalanej, Askari wa Mkingiwa, nakala 5,000. Wakubwa wake walimpa ruhusa lakini si pesa. Sisi tunaoishi kwa kuandika tunajua deni la mwenye mtambo linavyomnyima mtu usingizi. Kolbe aliamua kuomba mitaani, na inasimuliwa kwamba aliingia duka la kwanza akashikwa na haya, akanunua kitu kidogo asichokihitaji, akatoka. Ikabidi alipeleke deni kanisani. Baada ya sala akaona bahasha juu ya altare, imeandikwa kwamba ni ya Mama Mkingiwa, na ndani yake kiasi kilekile alichokuwa anadaiwa. Wakubwa wakamruhusu aichukue.

Baadaye alihamishiwa Grodno, na huko, kwa msaada wa dola 100 za padre mmoja aliyetoka Marekani, akanunua mtambo mkuukuu wa kuzungusha kwa mkono. Mabruda wakaubatiza Bibi. Walikuwa wakipokezana kuuzungusha mchana na usiku, pamoja na yeye mwenyewe na mapafu yake mabovu. Wasomaji wakaongezeka mpaka konventi ikawa ndogo. Mwaka 1927 akasikia kwamba Mwana wa Mfalme Jan Drucki-Lubecki ana shamba Teresin, magharibi ya Warsaw, kandokando ya reli. Alikwenda akasimamisha sanamu ya Bikira Maria katikati ya shamba hata kabla ya kupewa. Mazungumzo yakakwama kwa sababu ya masharti ya mwenye ardhi. Alipoulizwa sanamu ifanywe nini, Kolbe akasema ibaki hapohapo. Mwenye ardhi akatafakari, kisha akatoa shamba bila sharti lolote. Ndipo ilipoanza Niepokalanów, Mji wa Mkingiwa.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana watu wengi wanaomheshimu Kolbe wanajua kifo chake tu. Kufikia mwaka 1939 konventi hiyo ilikuwa na watawa zaidi ya 700, na ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Wengi wao walikuwa mabruda, si mapadre: watoto wa wakulima, washona viatu, maseremala, mafundi umeme. Walilala kwenye mabanda ya mbao. Chakula chao kilikuwa haba, kanzu zao zina viraka juu ya viraka. Halafu ndani ya banda la pili unaikuta mitambo ya uchapaji ya kisasa kuliko ile ya magazeti mengi ya mji mkuu. Askari wa Mkingiwa alifikia nakala milioni moja mwishoni mwa mwaka 1938. Tangu 1935 kulikuwa na gazeti la kila siku, Mały Dziennik, lililouzwa kwa bei ndogo ili kibarua amudu. Desemba 1938 wakarusha matangazo ya redio. Walikuwa na kikosi chao cha zimamoto, kikiongozwa na watawa, na mipango ya uwanja wa ndege. Mgeni aliyemwuliza Kolbe Mtakatifu Fransisko angesemaje akiiona mitambo yote hiyo alijibiwa kwamba angekunja mikono ya kanzu akafanya kazi nao. Ufukara kwa Kolbe haukuwa kukosa vitu. Ulikuwa ni kuvipitisha vitu mkononi visigande: pesa ikiingia asubuhi, jioni imeshakuwa karatasi na wino.

Sitaki kumpamba kuliko anavyostahili. Mały Dziennik lilichapa makala za kuwashambulia Wayahudi, kama yalivyofanya magazeti mengi ya Poland ya miaka ile, na Kolbe mwenyewe, katika maandishi yake ya miaka ya 1920, alizichukulia kuwa za kweli hadithi za uongo juu ya njama za Kiyahudi zilizokuwa zikizungushwa Ulaya nzima. Hilo lipo, na alipokaribia kutangazwa mtakatifu lilisemwa waziwazi. Upande wa pili ipo barua aliyomwandikia mhariri kutoka Japani, akimwonya asichochee chuki dhidi ya Wayahudi. Na yapo mambo ya mwaka 1940, tutakayoyafikia. Mizani hiyo kila msomaji aishike mwenyewe. Mimi naona mtu aliyebebwa na upepo mchafu wa wakati wake, na ambaye mlango ulipobishwa alifungua.

Japani alikwenda mwaka 1930, na mabruda wachache, hawajui neno moja la Kijapani. Walishuka Nagasaki tarehe 24 Aprili. Mwezi uliofuata gazeti lao likatoka kwa Kijapani, nakala 10,000. Sijui mhariri mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Mwaka 1931 alijenga konventi kwenye kitongoji cha Hongochi, mteremkoni, upande wa mlima usiotazamana na mji. Walimshangaa: kwa nini ajifiche nyuma ya mlima? Tarehe 9 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoanguka Nagasaki likaliteketeza kanisa kuu la Urakami, mlima ule ukakinga. Konventi ikabaki imesimama, ikapokea yatima. Mmoja wa mabruda aliowaacha huko, Zeno Żebrowski, fundi asiyekuwa na elimu, akawa mtu maarufu Japani nzima kwa kuwahudumia maskini na watoto wa mitaani baada ya vita.

Kolbe mwenyewe alirudishwa Poland mwaka 1936 aiongoze Niepokalanów.

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland. (Vita hiyo, kwa upande wa Urusi, ndiyo iliyowatupa maelfu ya Wapoland hadi Tengeru, karibu na Arusha, makaburi yao yapo mpaka leo.) Kolbe aliwatawanya mabruda wengi waende makwao, akabaki na wachache. Tarehe 19 Septemba Wajerumani wakaja wakawazoa, wakawazungusha kambi tatu, wakawaachia tarehe 8 Desemba, sikukuu yenyewe ya Mkingiwa. Waliporudi walikuta mitambo imetiwa lakiri au imeporwa. Mabanda ya kuchapia yakageuzwa malazi. Watu wapatao 3,000 waliofukuzwa kutoka mkoa wa Poznań walipewa hifadhi hapo, na kati yao Wayahudi wengi, zaidi ya 1,000. Walilishwa na kuvikwa kwa kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa kidogo.

Jina la Kolbe lina asili ya Kijerumani. Angetaka, angejiandikisha katika orodha ya watu wa damu ya Kijerumani, akapata mgawo bora wa chakula na usalama wa aina fulani. Alikataa. Mwishoni mwa 1940 aliruhusiwa kuchapa toleo moja la gazeti lake, nakala 120,000, na ndani yake akaandika makala juu ya ukweli: kwamba hakuna mwenye uwezo wa kuugeuza. Tarehe 17 Februari 1941 Gestapo wakamfuata. Alipelekwa gereza la Pawiak, Warsaw, ambako askari mmoja alimpiga kwa sababu ya msalaba mdogo uliokuwa ukining'inia kwenye rozari yake. Kila alipoulizwa kama anauamini akasema ndiyo, na kila ndiyo ikaleta kipigo. Wale wataalamu wa Roma baadaye walikishika sana kisa hicho. Hapo, angalau, dini iliulizwa.

Tarehe 28 Mei 1941 alifikishwa Auschwitz. Wakamnyang'anya kanzu, wakampa sare ya milia na namba 16670. Mapadre walipangiwa kazi za kuua: kusomba mawe, kubeba magogo huku wakikimbia. Msimamizi wao, mfungwa aliyepewa madaraka, jina lake Krott, alimtwika Kolbe mzigo uliomzidi, na alipoanguka akampiga mateke tumboni na usoni, kisha akaamuru acharazwe viboko 50, akamwacha matopeni akidhani amekufa. Wenzake wakamwokota wakampeleka zahanati. Humo, akiwa na homa kali, alichagua kitanda cha karibu na mlango ili awaombee maiti waliotolewa. Waliokuwa naye wanakumbuka kwamba alikuwa akigawa mkate wake, na usiku watu walitambaa sakafuni mpaka kwake kuungama dhambi, kwa kunong'ona, maana kupatikana na kosa hilo ni kifo.

Mwishoni mwa Julai mfungwa mmoja wa bweni namba 14, bweni la Kolbe, hakuonekana wakati wa kuhesabiwa. Sheria ya kambi ilijulikana: mmoja akitoroka, kumi wanakufa kwa njaa. Siku iliyofuata walisimamishwa juani tangu asubuhi hadi jioni bila chakula. Wengine walianguka. Jioni akaja naibu kamanda, Karl Fritzsch, akawa anapita mstari kwa mstari akinyoosha kidole. Huyu. Na huyu. Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa Franciszek Gajowniczek, sajini wa jeshi la Poland, mfungwa namba 5659. Alilia akimtaja mkewe na watoto wake.

Ndipo mtu akatoka kwenye mstari. Kutoka kwenye mstari bila amri kulimpa askari ruhusa ya kupiga risasi. Alitembea, kofia mkononi, akasimama mbele ya Fritzsch. Ofisa akauliza huyu Mpoland anataka nini. Kolbe akamwonyesha Gajowniczek, akasema anaomba kufa mahali pake, kwa kuwa yule ana mke na watoto. Akaulizwa ni nani. Hakutaja jina wala namba. Alijibu kwamba ni padre Mkatoliki.

Nimesoma habari hii mara nyingi, na kila mara jibu hilo hunisimamisha. Fritzsch alikuwa na njia nyingi: angewapeleka wote wawili, angempiga risasi palepale. Kwa muda akanyamaza. Kisha akakubali. Karani akafuta namba moja akaandika nyingine, na Gajowniczek akarudishwa mstarini bila hata kupata nafasi ya kusema ahsante. Wale waliotetea kasula nyekundu walijenga hoja yao juu ya sekunde hizo: kwamba mfumo mzima wa Auschwitz ulikuwa chuki dhidi ya mtu kama Mungu alivyomwumba, na kwamba huyu alipoulizwa wewe nani, alijibu kwa upadre wake, akauawa kama padre. Waliopinga walisema Fritzsch angekubali hata kama angejibu kwamba ni seremala. Wote wawili, nadhani, walisema kweli.

Watu kumi wakapelekwa bweni namba 11, wakavuliwa nguo, wakafungiwa chini ya ardhi, katika chumba namba 18. Hakuna chakula, hakuna maji. Tunayoyajua ya humo tunayajua kwa sababu ya mfungwa mmoja, Bruno Borgowiec, aliyekuwa karani na mkalimani wa ghorofa ile ya chini, na ambaye kila siku alishuka na askari kuwatoa waliokufa. Alisimulia kwamba alikuwa akisikia rozari na nyimbo zikitoka chumba kile, na vyumba vingine vikiitikia gizani. Ndoo ya haja ndogo ilikutwa kavu siku zote. Kiu iliwafanya waimalize. Mlango ulipofunguliwa, wengine walilia wakiomba maji, lakini Kolbe alikutwa amepiga magoti au amesimama katikati, akiwatazama askari usoni, nao wakimwambia atazame chini.

Wiki mbili zikapita. Walibaki wanne, na kati yao ni Kolbe peke yake aliyekuwa na fahamu kamili. Chumba kilihitajika kwa watu wengine. Tarehe 14 Agosti 1941 akaletwa Hans Bock, mhalifu wa Kijerumani aliyesimamia wagonjwa kambini, na sindano ya asidi ya kaboliki. Kolbe, midomo ikisali, alinyoosha mwenyewe mkono wa kushoto. Borgowiec alishindwa kutazama, akasingizia kazi akatoka. Aliporudi alimkuta ameketi, mgongo ukutani, macho wazi, kichwa kimeinamia kushoto, uso mtulivu na ung'aao. Alikuwa na miaka 47. Kesho yake, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, mwili wake ukachomwa pamoja na mingine.

Kiswahili kimelipa neno shahidi kazi mbili: anayekufa kwa ajili ya kweli, na anayesimama barazani kueleza alichokiona. Shahidi wa chumba namba 18 alimhitaji shahidi wa mlangoni. Karibu na chumba hicho, katika bweni hilohilo, wiki chache baadaye, Fritzsch na wenzake walijaribu gesi ya Zyklon B kwa wafungwa wa vita Warusi. Katika kambi ile waliuawa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja kati yao Wayahudi, na wengi mno waliondoka bila mtu wa kusimulia walivyosimama saa ya mwisho.

Kanisa hupenda kuhifadhi masalia ya watakatifu wake. Ya Kolbe yalikwenda na moshi. Lakini bruda kinyozi wa Niepokalanów alikuwa mtu wa busara. Kolbe aliporudi kutoka Japani alikuwa na ndevu ndefu, na Wajerumani walipoingia nchini ikabidi azikate. Aliagiza zichomwe. Bruda hakuzichoma, alizificha. Nywele hizo ndizo zinazoheshimiwa leo makanisani duniani kote.

Yohane Paulo II alikuwa askofu mkuu wa Kraków, na kambi ya Auschwitz ilikuwa ndani ya jimbo lake. Juni 1979, akiwa Papa, alishuka mpaka chumba namba 18 akasali humo. Maaskofu wa Poland na wa Ujerumani, watu ambao miaka 40 nyuma nchi zao zilichinjana, walimwomba kwa pamoja amtangaze Kolbe shahidi. Tume iliyolichunguza jambo hilo haikuridhika. Naye, kwa mamlaka yake, akaamua kwamba aheshimiwe kama mfiadini. Mwaka 1998 hata Waanglikana wa Westminster Abbey, London, waliposimamisha sanamu za mashahidi 10 wa karne ya 20 juu ya mlango wa magharibi, Kolbe alikuwa mmojawapo. Katika safu hiyohiyo yupo Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa na utawala wa Idi Amin mwaka 1977.

Katika uwanja wa Mtakatifu Petro siku ile ya kasula nyekundu alikuwepo mzee wa miaka 80. Alikuwa amekuja pia mwaka 1971. Franciszek Gajowniczek alitoka kambini hai, akarudi kwa mkewe Helena. Wanawe wawili, wale aliowalilia kwenye mstari, hakuwakuta: waliuawa Januari 1945 kwa mizinga ya Warusi. Maisha yake yote yaliyobaki alikwenda kila alikoitwa, akisimulia. Alifariki tarehe 13 Machi 1995, akiwa na miaka 93, akazikwa Niepokalanów, katika makaburi ya watawa.